Mistari ya Mtafiti

Kwa siku tatu mtafiti wa mambo ya kazi alizunguka kiwanda cha sabuni akimuuliza kila mtu swali lile lile: "Kazi ikiharibika, unamwendea nani?"

Makunganya, mpishi wa sabuni aliyepima ukali wa magadi kwa ncha ya ulimi, hakumwamini. Maswali kama hayo huzaa barua za kuachishwa kazi.

"Mimi nimesema namwendea meneja," Makunganya alimnong'oneza Sijali, mkata miche ya sabuni.

"Muongo mkubwa wewe! Sisi wote tumekutaja wewe."

Siku ya nne mtafiti alibandika karatasi ukutani, meneja akiwapo. Kila jina lilikuwa ndani ya duara, na mistari ilionyesha nani humwendea nani. Karibu yote ilikimbilia kwa Makunganya. Kwa meneja ulifika mmoja tu, wa Makunganya mwenyewe.

"Kumbe kiwanda ni chako, bwana mkubwa," meneja alisema, akiweka kidole kwenye jina la Makunganya.

Watu wakaangua kicheko. Makunganya hakucheka. Alikuwa anakitazama kidole cha meneja, kilivyolikandamiza jina lake mpaka ukucha ukawa mweupe.