Kwa Lugha Hii Hafi Mtu

Asubuhi ile kinyozi alikuwa amekwisha kumzika babu yake mara mbili, na bado hakuridhika.

"Mara ya kwanza nimemzika mbio mbio," alisema, akijipepea kwa karatasi yake kwenye benchi la ukumbini. "Mara ya pili nimechanganya, mzee amekufa kabla hajaugua. Dada muuguzi, hebu nisaidie kumzika huyu mtu."

Muuguzi alicheka. Ukumbi mzima ulikuwa ukinong'ona misiba: huyu kaunguliwa na nyumba, yule kakimbiwa na mchumba siku ya harusi. Mwalimu wao wa lugha ndiye aliyewafundisha ujanja huo. Mtihani wa mazungumzo, aliwaambia, huanza kwa kusimulia jambo zito, na watahini ni binadamu. Furaha huwasinzisha, msiba huwaamsha. Asiye na msiba atunge, kisha aukariri mpaka auseme hata akigutushwa usingizini.

Kwa muuguzi haya hayakuwa ya mchezo. Kwao alivaa sare nyeupe. Hapa alikuwa akipiga deki korido za hospitali, na angeendelea kupiga deki mpaka apate cheti cha lugha. Alishaanguka mara moja, na akianguka tena, ndiyo basi.

"Na wewe unamuua nani?" kinyozi aliuliza.

"Mtoto. Wa kiume, miaka sita."

Karatasi ilisimama hewani. "Kwani wewe mwenyewe unaye mtoto?"

"Mmoja."

"Dada, acha uchuro! Maneno huumba. Mimi babu yangu ni marehemu toka zamani, hana cha kupoteza. Wewe unamtabiria nani mambo hayo?"

"Usiogope," alimwambia. "Kwa lugha hii hafi mtu."

Hakuwa akitania. Lugha hii alijifunza ukubwani, na tangu siku ya kwanza ilimkaa kama nguo ya kuazima. Akisema "njaa", tumbo halikusikia. Akisema "nakupenda", moyo haukugeuka. Alijisikia akiongea kutoka chumba cha pili, na huyo mwanamke aliyekuwa akiongea hakumfahamu vizuri. Mwanzoni hali hiyo ilimtisha. Siku hizi aliipenda, tena kupita kiasi, hata nyumbani akakataa kusema lugha yao, eti anajizoeza kwa ajili ya mtihani. Mumewe alikuwa amechoka.

"Mke wangu, unaniongelesha kama karani wa benki," alimlalamikia juzi. "Hata kugombana na wewe siku hizi hakuna utamu."

Naye akamjibu kwa lugha hii hii kwamba chai iko mezani.

Mlango ulifunguliwa, akaitwa.

Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa. Alimwonyesha kiti, akawasha kinasa sauti. "Karibu. Simulia."

"Kulikuwa na mama mmoja," muuguzi alianza, "aliyehamia mji mgeni pamoja na mumewe na mtoto wao."

Mtoto akashikwa na homa. Mama akambeba mpaka hospitali. Ugonjwa aliujua, maneno hakuwa nayo. Pale mapokezi alionyesha shingo ya mtoto, akaonyesha taa, akajifunika macho kwa viganja. Wakadhani amechoka, wakamletea kiti. Baadaye wakampa dawa ya homa, wakamwambia arudi nyumbani. Kulipokucha, mtoto hakuamka.

Sentensi zilifuatana bila kujikwaa. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli, na utulivu huo ndio uliomwogopesha. Aliitazama mikono yake juu ya meza, akashindwa kuamini kwamba ni yake.

Mtahini aliweka kalamu chini. Sasa yalikuja maswali, na hapo ndipo muuguzi alipoanguka safari ile nyingine, maana maswali hayakaririki.

"Huyo mama," mtahini aliuliza taratibu, "angekuwa na maneno, angesema nini pale mapokezi?"

Chumba kilisogea mbali. Kutoka huko mbali alimsikia yule mwanamke mwingine akijibu, kwa sauti safi, bila kusita hata kidogo:

"Mwanangu ana homa kali. Shingo yake imekakamaa. Mwanga unamuumiza macho. Tafadhali mwite daktari sasa hivi, mtoto huyu hawezi kungoja."

Mtahini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hakuna kosa hata moja," alisema. "Umefaulu. Na hadithi umeitunga vizuri mno, karibu unilize."

"Ahsante," alisema muuguzi.

Ukumbini kinyozi alimrukia. "Vipi, vipi?"

"Nimepita."

"Alilia?"

"Karibu."

"Basi mimi babu namzika na mvua ikinyesha!" Kisha akashusha sauti. "Sasa dada, nenda kamkumbatie mwanao, uiondoe hiyo nuksi."

Alimwahidi kwamba ataenda. Alimwahidi kwa lugha hii, na haikumgharimu kitu.

Nje, mumewe alikuwa akimngoja kwenye ngazi. Aliomba ruhusa kazini, akavaa lile shati lake zuri. Hakuhitaji kuuliza, aliusoma uso wa mkewe, akatabasamu, na machozi yakamlengalenga. Muuguzi alifungua mdomo kumpa habari kwa lugha ya mtihani, lakini mumewe akamzuia kwa mkono.

"Twende ukamwambie mwanetu," alisema kwa lugha yao. "Makaburini bado hawajafunga geti. Ila kwake useme lugha ya nyumbani, mke wangu. Hii nyingine hakuwahi kujifunza."