Pedeli Isiyo na Mguu

"Mama watoto, hebu njoo uone!"

Auleria aliacha kushona, akaenda. Mumewe, fundi mstaafu wa kuchonga vyuma, alikuwa bega kwa bega na binti aliyekuja kumfundisha kuchora mashine kwenye kompyuta. Kicheko alichokuwa anakitoa mzee, Auleria alikisikia mara ya mwisho enzi za uchumba.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na cherehani chake mwenyewe, kimechorwa. Walikuwa wamekifunga kipande kwa kipande, hiki kizunguke, kile kiinuke na kushuka. Binti akabonyeza. Pedeli ikacheza yenyewe, bila mguu.

Miaka thelathini mguu huo ulikuwa wa Auleria.

Akalitazama gurudumu. Lilikuwa linazunguka kinyume, likimkimbia mshonaji. Hapo uzi ungekatika hata kabla ya kushika kitambaa.

"Bibi, tumepatia?" binti akauliza. "Kesho babu anawaonyesha mafundi cherehani wote wa Chang'ombe."

Kisigino cha Auleria kilikuwa kinagonga sakafu taratibu. Kikatulia.

"Mmepatia mno," akasema. "Na jina lako uliandike hapo, mwanangu. Liandike kubwa."