Uji wa Mama

Siku hizi mbinu ya kufundishia ni mali ya aliyeisajili kwanza, na bangili ya ualimu, inayosikiliza kila neno letu, haivuliwi hata nyumbani.

Zawena, mwanafunzi wa uzamili, aliletwa darasani kwangu nimlee kikazi muhula mzima. Watoto wakipiga kelele, aliniona nikikunja viganja mfano wa bakuli na kuwaambia, "Pulizeni uji, wa moto huo!" Wakipuliza, wanatulia.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Kwa marehemu mama."

Akaandika. Nami kwenye ripoti yake nikaandika kwamba anashika upesi.

Jana mwanangu Kitwana alikuwa akililia hesabu za kugawanya. Nikamkunjia viganja. "Haya baba, tupulize uji."

Bangili ikalia. "Mbinu hii imesajiliwa na Mwalimu Zawena. Acha mara moja."

Nikampigia simu.

"Usikasirike, dada," akasema kwa upole uleule. "Si hukuwahi kuisajili?"

Nilipogeuka, Kitwana alikuwa bado amekunja viganja, machozi yakimdondokea humo.

"Mama, nipulize?"

"Acha, baba. Huo uji wa watu."