Suti ya Kurudia Nyumbani

"Mama yako asiambiwe barabarani," Baba Mdogo Solomoni alisema kwenye simu. "Mlete huku nyumbani Akheri. Mchungaji na wazee wameshafika. Wao ndio watamwambia, akiwa amekaa."

Kaanaeli alijibana kwenye ukuta wa hospitali, akaitikia kwa sauti ndogo. Baba alikuwa amefariki alfajiri, yeye akiwa amemshika mkono.

"Jeneza nimeshalichukua. Fundi kataja bei, nimetoa hiyo hiyo. Unajua kwetu kitu cha marehemu hakiombewi kupunguziwa. Ukipunguza bei, umempunguza na yeye." Baba Mdogo akakohoa. "Kazi yako ni moja tu, mwanangu. Mama ana presha. Akianguka njiani, tutazika wawili."

Mama yake, Penina, alikuwa kwenye benchi nje ya geti, kikapu miguuni, mikono imetulia mapajani.

"Shikamoo, Mama. Umefika saa ngapi?"

"Marahaba. Si muda."

Kaanaeli alimpokea kikapu. Kilikuwa chepesi.

"Uji nimempa mama mmoja mwenye kichanga," Mama alisema.

Maneno hayo yalimpita Kaanaeli. Alikuwa akiupanga uongo wake. "Daktari amemruhusu Baba. Baba Mdogo atamleta na gari lake. Sisi tutangulie tukaandae nyumba."

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Basi tupite mjini tumnunulie suti," alisema. "Baba yako hawezi kuingia nyumbani na nguo za hospitali. Watu watamwangalia."

Kaanaeli alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Akafungua mlango wa teksi ya kwanza iliyokuwa mbele yake. Mama akaufunga tena, taratibu.

"Nimekufundisha nini? Unasalimia, unauliza bei, ndipo unapanda." Akainama dirishani. "Habari za kazi, baba? Mpaka sokoni ni kiasi gani?"

"Elfu nane, mama yangu."

"Nane? Kwani unapitia Usa River?"

Dereva alicheka. Wakashuka mpaka sita. Mama akageuka kuondoka, akaitwa, ikawa tano.

Siku zote Mama hukaa mbele, ili amwone dereva anavyoendesha. Leo alikaa nyuma na binti yake. Gari lilipoingia barabarani, redio ilimaliza wimbo na mtangazaji akaanza matangazo ya vifo. Baba Mdogo angeweza kuwa ameshapeleka jina. Kaanaeli alikuwa ndiyo kwanza anainuka amguse dereva begani, Mama akamtangulia.

"Mwanangu, izime hiyo redio. Kichwa kinanigonga."

Kaanaeli alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Karibu na soko Mama alisema lazima wale kwanza. Waliingia kwenye mgahawa mdogo, wakanawa, zikaletwa sahani mbili za ndizi nyama. Mama alisali kwa kifupi. Kisha akazichota nyama zake zote, akazihamishia kwenye sahani ya Kaanaeli.

"Kula umalize. Leo nyumbani kutakuwa na watu wengi, hutapata nafasi ya kukaa."

Kaanaeli alianza kula. Simu ilitetemeka kwenye mkoba, akaiacha. Alipoinua macho alimwona Pudensiana, jirani yao wa Akheri, anakuja moja kwa moja kwenye meza yao, uso umeshaanza kujikunja. Kaanaeli alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo.

Pudensiana alisimama. "Shikamoo, mama. Poleni... poleni na jua."

"Marahaba. Tumeshapoa," Mama alijibu, wala hakugeuka kuliangalia hilo jua.

Pudensiana aliondoka haraka. Kaanaeli alifuta jasho. Lilibaki duka moja tu, halafu barabara ya kwenda Akheri.

Duka lilikuwa la Reginald, Mchaga mwenye kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata Januari. Mama alikuwa amenunua kwake kwa miaka ishirini, na kwa miaka hiyo yote hawakuwahi kukubaliana bei bila vita. Gauni la kipaimara la Kaanaeli lilimtoa Mama mpaka upande wa pili wa barabara kabla ya kuitwa arudi.

"Mama Kaanaeli!" Reginald alisema. "Leo nimekula vizuri, nina nguvu."

Mama aliwasalimu wote dukani, mmoja mmoja. Kisha akaonyesha suti nyeusi iliyoning'inia juu.

"Ya mzee? Namba ile ile? Nasikia ugonjwa umempunguza."

"Umempunguza. Lakini nipe namba yake mwenyewe."

Reginald aliishusha, akaikung'uta mabega. Mama akapitisha kiganja kwenye kola polepole, kama anayemfuta mtu vumbi kabla ya kwenda kanisani. Akachagua shati jeupe na tai.

"Na viatu? Nina vizuri vya ngozi."

"Viatu hapana."

Kaanaeli alitazama saa ukutani. Vita vya Mama na Reginald vingeweza kuchukua nusu saa, na simu ilikuwa inatetemeka tena. Alimwomba Mungu siri isivuje kwa nusu saa hiyo tu.

Reginald alikunja suti, akaegemea kaunta. "Laki tatu," alisema, tabasamu likiwa tayari, akisubiri.

Mama alifungua fundo la khanga yake. Alizinyoosha noti juu ya kaunta moja baada ya nyingine mpaka zikatimia laki tatu, akazisukuma mbele.

Reginald aliziangalia noti, kisha akamwangalia Mama. Taratibu, akavua kofia.