Mbolea ya Kupandia

Mahindi ya Baltazar yalikuwa yamekwishatoa mbelewele, majani ya chini yamegeuka njano, ndipo mbolea ya ruzuku ilipofika kijijini kutoka Songea mjini. Alisoma mfuko kwa shida, herufi moja moja. Ilikuwa ya kupandia, ile inayofukiwa pamoja na mbegu.

"Mvua imerudi juzi tu baada ya ukame wote ule," alisema. "Mimi nataka ya kukuzia."

"Mbolea ni mbolea, mzee," alijibu bwana shamba, viatu vyake viking'aa kama vya bwana harusi. "Weka kidole hapa."

"Mwanamke ameshaingia leba, wewe unamletea dawa ya kushika mimba?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bwana shamba akasogeza mezani kimashine cha kusoma alama za vidole.

"Ukiweka, mgawo wako wa msimu umekwisha. Usipoweka, unarudi mikono mitupu. Chagua."

Baltazar aliwajua watu wa namna hii. Damu ya kumwongezea marehemu mke wake nayo wale wa hospitali waliileta yeye akiwa makaburini anamchimbia kaburi, na bado wakamtaka aweke kidole kwamba imefika. Siku ile aliweka.

Alilitazama dole gumba lake. Lilikuwa na ufa katikati, udongo mwekundu umejaa ndani.

"Lipanguse kwanza, mzee. Mashine haisomi uchafu."

"Uchafu? Huo ndio unaokulisha ugali, mwanangu."

Akalikunja dole gumba ndani ya ngumi lisipanguswe, akaisogelea meza kuliweka na udongo wake.