Ziara ya Misigiri

Severina aliinua mkono tena, na Gerald akampa tena mtu mwingine nafasi ya kusema.

Filamu ya maisha ya Calist Msengi ilikuwa imekwisha. Madirisha ya ukumbi yalifunguliwa, upepo wa Singida ukaingia na vumbi lake, na wapenzi wa muziki wake wakasogeza viti vya plastiki wakakaa duara. Gerald, mwenyekiti wao, alitaka kila mmoja ataje jambo lililomgusa katika maisha ya mtu huyo, ambaye muziki anaoutungia filamu umeliza nchi nzima.

"Mimi ni lile gitaa," alisema bwana mmoja mwenye kofia. "Padri kumnunulia mtoto wa watu gitaa. Huo ni moyo."

"Si padri," Severina alisema bila kungoja ruhusa. "Mama yake aliuza mbuzi."

Wote wakamgeukia. Walimwona mama mtu mzima, amekaa karibu na mlango, kavaa kitenge cha kuendea harusini.

"Shikamoo, mama," Gerald alisema kwa adabu. "Tunashukuru kwa mchango. Ila Calist mwenyewe ndiye aliyeeleza habari ya padri, sote tumemsikia."

"Marahaba. Hata mimi nimemsikia. Nasema si hivyo."

Hakuna aliyebishana naye. Walimwacha hapo, mazungumzo yakasonga mbele. Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa ametoka Misigiri kwa basi la asubuhi kwa sababu redio ilitangaza kuwa filamu ya Calist, mtoto wa kwao, itaonyeshwa mjini. Kila filamu yenye muziki wa Calist alikuwa ameitafuta, nyingine akiitazama kwenye simu ya jirani yenye kioo kilichopasuka. Safari hii alitegemea kurudi nyumbani na furaha. Badala yake alionyeshwa gofu la nyumba ambayo Calist hakuzaliwa humo, na sasa watu wazima walikuwa wakiisifia hadithi hiyo.

"Tuje kwenye 'Kilio'," Gerald alisema. Huo ndio muziki uliompa Calist jina. "Mtoto wa miaka saba, amesimama kaburini kwa mama yake, na sauti ile inamjia kichwani. Nani mwingine ana kipaji cha namna hiyo?"

"Ule ni wimbo wa kuamia ndege," Severina alisema. "Uwele ukikaribia kuiva tunauimba shambani kuwafukuza. Mama yake alikuwa akiuimba, naye akaushika."

Watu wawili watatu walicheka, si kwa ubaya.

"Inawezekana mama yake aliuimba," Gerald alisema, uvumilivu ukianza kumwisha. "Lakini ile huzuni, mama, haitoki kwa ndege. Imetoka kaburini."

Severina alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia, lakini asingeweza kulisema bila kumvunjia mtu heshima mbele ya umati. Akashika mfuko wake. Basi la mwisho la kwenda kwao lilikuwa karibu kuondoka, na aliona heri awahi.

Ndipo msichana aliyekaa kiti cha jirani akamgusa mkono. Jina lake Rahma. Walikuwa wamesalimiana kabla filamu haijaanza.

"Wewe ulimfahamu mama yake kweli?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Namfahamu."

"Mtu wa namna gani?"

Severina alifikiri kidogo. "Mkali. Kazi yake kulima. Anapenda kusema hata asipoulizwa."

Rahma alitabasamu, halafu macho yake yakajaa. "Mama yangu alifariki Tanga, nikachelewa kufika. Nilikuta wameshamzika. Miezi mizima sikuweza kulia, mpaka niliposikia 'Kilio'. Nikasema, kumbe kuna mtu amepitia haya kabla yangu, na bado anaishi." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Ndiyo maana ziara hii nimeisubiri sana. Nataka nikamwombee dua yule mama, kama ambavyo ningemwombea wangu."

"Ziara gani?"

Gerald alikuwa ameshasimama kuitangaza. Jumamosi wangekodi gari waende Misigiri kulijengea kaburi la mama yake Calist. Bwana mwenye kofia angeleta saruji. Fundi alikuwa amepatikana, na msalaba ulishachongwa.

"Tatizo ni moja," Gerald alisema. "Nimemwandikia Calist mara nyingi atuelekeze kaburi lilipo, hajajibu. Kazi zimemzidi. Lakini Mungu ametuletea mwenyeji." Akamgeukia Severina, na kwa mara ya kwanza jioni ile alimpa nafasi yote ya kusema. "Mama, tusamehe kama tumekukatisha. Utatuonyesha?"

Severina alisimama mfuko ukiwa mkononi. Angeweza kusema hajui, akatoka, akaliwahi basi. Alimwona Calist kama alivyokuwa kwenye filamu, amevaa suti, akifuta machozi kwa leso nyeupe. Akajua neno lake likitoka halitarudi. Kisha akamtazama Rahma, ambaye alikuwa amemshika mkono na hakuonyesha dalili ya kuuachia.

"Usije Misigiri kuomba dua, binti yangu," alimwambia taratibu. "Njoo tule ugali. Calist ana mama mmoja tu, naye ndiye huyu uliyemshika mkono."