Stendi Inayotulia

Stendi ya kinanda ya tatu nayo ilimkataa. Mwalimu Zefania, mpiga kinanda wa kwaya kwa miaka mingi, aliinua vidole kutoka kwenye kinanda cha dukani, akaiwahi laptop iliyokaa kwenye ubao wa juu isije ikadondoka, akasonya.

“Hii nayo inatikisika,” alisema. “Jumapili nusura laptop inidondokee mbele ya waumini wote. Nataka stendi inayotulia, Mwanaidi, si mabua.”

Mwanaidi, mwenye duka, hakubisha. Alikaza skrubu za miguu yote, akaiegemea stendi kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa haba. Kisha akajaza glasi maji pomoni na kuiweka kando ya laptop, kama alivyozoea kufanya mteja akizidi ubishi.

“Piga sasa.”

Mwalimu akapiga wimbo wa taratibu kuliko zote alizozijua. Maji yakaanza kucheza, yakachuruzika ubavuni mwa glasi.

“Umeona?”

“Nipishe kidogo, Mwalimu.”

Mwanaidi alifuta maji, akaijaza tena glasi, akaketi kwenye kinanda. Muziki hakuujua. Aliviponda vibonye kama anayetwanga kisamvu, mpaka wapita njia wakageuka. Maji yalitulia tuli.

Mwalimu aliyatazama yale maji, akaitumbukiza mikono mifukoni, wa kushoto kwanza.

“Joto hili,” Mwanaidi alisema kwa sauti ya chini, akimsogezea glasi. “Kunywa kwanza, Mwalimu.”

Mwalimu aliitazama glasi ilivyojaa. Koo lilikuwa limemkauka. Mikono ilibaki mifukoni.